Gari Langu Limebaki Mafinga

Binti yangu aliponipigia simu kuniambia amepata mchumba, mtu wa Iringa, jambo la pili alilosema lilihusu gari. Alitaka nimpeleke kanisani mimi mwenyewe, kwa gari lile lile nililokuwa nikimpelekea shule. Nikamjibu kwamba hilo halina shida kabisa.

Ni gari dogo la Kifaransa, la rangi ya maziwa, gia yake iko kwenye usukani. Nilikuwa mwalimu kijana hapa Mbeya nilipolinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, na hata wakati huo lilikuwa limeshazeeka. Nimekaa nalo miaka ishirini na sita. Wenzangu walibadilisha magari, mimi nikabadilisha spea. Kabureta niliipata Makongolosi, kwenye gari bovu ambalo mchimbaji mmoja alikuwa amefugia kuku, nikarudi nayo Mbeya nimeipakata. Mke wangu alinikuta naisugua kwa mswaki juu ya meza ya chakula. Alisema tu kwamba mswaki ule ulikuwa wake.

Wiki ya harusi mke wangu alitangulia kwa basi. Mimi niliondoka Uyole Ijumaa asubuhi, suti imetundikwa kiti cha nyuma. Hadi Makambako gari lilikwenda vizuri mno, nikawa naimba peke yangu. Nilipopita Nyororo, kwenye mlima, mshale wa joto ukapanda. Nilisimama, nikasubiri lipoe, nikaongeza maji, nikawasha. Injini iligonga mara mbili, ikazima, na haikuwaka tena.

Lori la mbao likanivuta kwa mnyororo hadi Mafinga. Watu wakanielekeza kwa fundi mmoja mtu mzima, Mhehe mpole, mwenye gereji jirani na kiwanda cha kupasua mbao. Alifungua injini bila haraka. Kisha akanishika mkono, akakipitisha kidole changu juu ya ufa.

"Mwalimu, bloku ya injini imepasuka."

"Si unaweza kuichomelea?"

"Nimewahi kuchomelea mbili. Zote zilirudi hapa zikivutwa."

Nikamwomba ajaribu hivyo hivyo. Nililala nyumba ya wageni ya jirani, na asubuhi na mapema nilikuwa tena gereji, nimekaa juu ya gogo, namtazama. Ndoa ilikuwa saa nane mchana. Mke wangu alipiga simu mara tatu, nikamwambia bado kidogo. Kisha akapiga binti mwenyewe. Nilimweleza kwamba fundi anahangaika, huenda tukafanikiwa.

"Baba, gari liache," alisema. "Mimi nataka wewe ufike."

Nikaitikia, nikakata simu, nikaketi tena juu ya lile gogo. Hapa ndipo ninapoona haya kusimulia. Mabasi ya Iringa yalikuwa yanapita, nayasikia, na sikuinuka. Nilijua kabisa kwamba gari haliponi. Miguu haikutaka tu. Ilipofika saa tano fundi alifuta mikono yake, akaitoa suti yangu garini, akanipa, akanisindikiza mpaka stendi. Hakuondoka mpaka aliponiona nimepata kiti.

Nilifika. Nilibadilisha nguo kwenye chumba cha wanakwaya, nikamwingiza mwanangu kanisani. Aliona grisi kwenye kucha zangu, akanikamata mkono kwa nguvu zaidi. Lakini padri alipokuwa anahubiri, mimi nilikuwa nawaza kama nimefunga vioo, maana Mafinga ilikuwa na mawingu.

Sasa ni mwezi wa saba tangu harusi. Fundi alichomelea ile bloku ili kuniridhisha, ikashika siku mbili, ikapasuka tena kando ya ule ufa. Nyingine hatujaipata. Kuna mtu wa Dodoma mwenye gari kama langu, anataka kununua milango na taa za hili langu. Fundi ameniuliza mara mbili, na mara zote nimemwambia nitafikiria. Kila mwezi napanda basi kwenda kuliona. Mke wangu aliniuliza juzi nitakwenda mpaka lini.

Safari ya mwisho mvua ilinikuta ndani ya gari. Maji yalikuwa yanapenya kwenye mpira wa kioo cha mbele, yanadondokea kiti cha abiria. Nikakunja gazeti nikaziba. Yakaanza kudondoka upande wa pili, juu ya goti langu. Gazeti lilikuwa limeisha. Nikakaa vivyo hivyo, mikono kwenye usukani, hadi saa ya basi.