Dau la Maksai

Piusi, mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, alisifika kwa kusoma nyuso za wenzake kwenye poka. "Mwenye karata mbovu humeza mate," alizoea kusema.

Siku moja ya mnada, mwaka themanini na mbili, akiwa na karata za ovyo, aliweka dau maksai wake wawili ili kumtisha Saning'o, mfugaji wa Enguserosambu. Saning'o hakumeza mate wala kupepesa macho.

"Nami naweka wawili. Fungua!"

Piusi alitamani kuinuka, lakini watu walishamzunguka, na dau likiwekwa halirudi. Akafungua, akashindwa.

Nyumbani mkewe, Antonia, aliuliza, "Tutalima na nini, baba Leonida?"

Walilima kwa jembe la mkono. Antonia hakumsemesha mpaka vitunguu vilipochipua.