Chumvi ya Bibi na Mnyoo wa Kichwa cha Jembe

Nilipokuwa mtoto huku Alunguli, wakati wa vita, tuliishi kwa ndoano ya Baba. Mashamba yalikuwa nje ya mji, na nje ya mji walikuwa wenye bunduki wa kila aina. Kwa hiyo Baba alivua samaki katika mto Lualaba, karibu na nyumba, na chambo chake kilikuwa nyungunyungu wa bustani ya Bibi, nyuma ya jiko. Mimi, mtoto wa kike nisiyejua kutulia, nilichimba na Baba kila asubuhi.

Asubuhi moja jembe lilimfunua mnyoo tusiyemjua. Alikuwa mrefu, bapa, ana ute, ana mstari mweusi mgongoni, na kichwa kimepanuka kama jembe dogo. Alikuwa amemzingira nyungunyungu, anamnyonya. Nilipiga kelele. Bibi, mama yake Baba, alikuja, akamtazama sana, akasema huyo si wa udongo huu, ameingia na vita, tena hafi kwa chuma. Akafungua fundo kwenye pembe ya kitenge chake. Mle alikuwa ameficha chumvi ya mwisho nyumbani, maana treni zilikuwa zimekoma na chumvi ilitunzwa kama dawa.

"Usiikate, mutoto yangu," alimwambia Baba. "Ukiikata itakuwa mbili, na vita pia itakuwa mbili. Acha nitie chumvi."

Baba alikuwa na njaa, na aliona uchungu mama yake kutaka kumpa mnyoo chumvi ya watoto. "Mama, chumvi njo hii tu iko," alisema. "Sombe tutakula na nini?"

Akamkata kwa panga, akavitupa vipande kwenye majani ya migomba. Bibi alifunga fundo lake. Siku ile tulikula sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, yenye chumvi, na ilikuwa tamu kweli.

Wiki chache baadaye kila kipande kilikuwa kimeota kichwa. Tuliwakuta wengine chini ya magogo, wengine chini ya mawe ya kufulia. Nyungunyungu walipungua, mpaka ikawa unachimba hadi viganja vinauma na hupati kitu. Na vita navyo viligawanyika, kama Bibi alivyosema. Walioitana ndugu walianza kupigana wao kwa wao.

Ndipo Baba alipochukua kopo lake, akasema anakwenda kutafuta chambo kwenye kijito nje ya mtaa. Bibi alimshika mkono mlangoni. Baba aliutoa taratibu, akaenda, maana tulikuwa tunalia njaa. Majirani walimwona amebebeshwa mizigo ya wenye bunduki, anasukumwa kuelekea msituni. Hakurudi.

Bibi hakusema hata siku moja kwamba alionya. Nilitamani aseme, nipate mtu wa kugombana naye.

Sasa binti yangu anasoma kilimo. Ananieleza kwamba mnyoo huyo asili yake ni Asia, husafiri katika udongo wa miche na maua, na ni kweli ukimkata kila kipande huwa mnyoo mzima. Lakini nyungunyungu, anasema, pengine tuliwamaliza wenyewe, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unachimba chambo. Namwitikia. Halafu mvua ikinyesha siwezi kukaa ndani. Nazunguka bustani na mfuko wa chumvi, nainua mawe, nageuza magogo. Chumvi siku hizi ni bwelele.

"Mama, utamaliza chumvi yote ya soko la Kasuku," ananicheka.

Acha acheke. Nikimpata mmoja namwagia, naye anajikunja, anayeyuka, na moyo wangu unatulia kidogo. Nadhani Bibi alitupatia kitu cha kuchukia ambacho mkono wetu ungeweza kukifikia. Mnyoo nampata chini ya jiwe lolote. Waliomchukua Baba sijui nyumba zao, wala sina chumvi ya kuwamwagia.