Siku Emu Walipokula Halwa ya Posa

Aibu hii nawahadithia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa ami Seif, ndugu wa baba yangu, maana yeye kila akiihadithia anaongeza chumvi, na wallahi haihitaji.

Tulitoka Wattaya asubuhi, mimi, ami na bakuli la halwa ya zafarani, tukapita Amerat kuelekea Qurayat kumposa Zuwena. Nimevaa kanzu nyeupe pepepe, kilemba kanifunga ami, nimejifukiza udi mpaka akafungua dirisha. Baba yake Zuwena nilikuwa sijapata kumwona. Nilichojua ni kwamba mzee mkali na anafuga ndege (mimi nikadhani kuku).

Karibu na kufika tukawakuta emu watatu kati ya barabara, wale ndege wa Australia, warefu kama mtu, wanatutazama kama sisi ndio tuliowazibia njia. Ami akapiga honi, wapi! Basi mimi, kwa ujuha wangu, nikasema ngoja nishuke nimlishe mmoja halwa kidogo, ami anipige video nimpelekee Zuwena acheke. Kidogo tu, jamani!

Emu akaonja, akatulia, akalitazama bakuli, halafu wakaja wote. Bakuli likaanguka, wakala, na halwa mnajua inavyonata, wakaja kujifuta midomo kwenye kanzu yangu, mmoja akaikamata furakha, kile kishada cha shingoni nilichokitia mafuta mazuri, akavuta, nikavutika, kilemba kikaenda zake, nikajikuta juu ya gari kanzu imepanda magotini. Ami kajifungia ndani, anacheka mpaka machozi.

Ndipo likaja gari limepakia majani, akateremka mzee na bakora yake.

"Nani kawalisha emu wangu halwa?"

Ami akateremsha kioo kidogo. "Huyo wa juu, sheikh. Mimi simjui."

"Nyie ndio wageni wa posa?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze (ila hata hiyo ningelazimika kushuka kwanza).

"Haya," mzee akasema, "mahari tutazungumza, lakini mwambie ashuke."

Nikakaa majlisi, chumba cha wageni nyumbani kwa mzee, na kanzu ya kuazimwa inayoniishia kwenye ugoko, nakunywa kahawa bila halwa, nna hakika Zuwena nishamkosa, na moyo uliniuma kweli. Jioni akanitumia ujumbe: "Baba kakubali. Anasema wengine wote walikuja kujionyesha, wewe ushaonekana."

Nikamuoa, alhamdulillahi. Lakini mpaka leo nikenda ukweni sishuki garini mpaka Zuwena awafungie kwanza wale ndege, na watoto wakiuliza baba anaogopa nini, namwachia mama yao ajibu.