Goti Mbele ya Kompyuta

Mjukuu wangu anasomea udaktari. Si wa sindano, ni ule wa vitabu. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini Somanda nzima inajua huyo ni mjukuu wa nani. Nimewaambia mwenyewe.

Mwaka jana chuo kimoja kilimwita afundishe mbele ya wakubwa, waone kama anafaa kuwa mhadhiri. Wakamnyima kazi. Walisema anajua sana, ila anafundisha akitazama sakafu. Sasa atazame wapi? Nimemlea mimi. Kwetu Usukumani binti akisema na mzee anapiga goti, macho chini.

Safari hii wakamwita tena, kwa kompyuta, akiwa kwangu kwa utafiti wake wa pamba. Nikamfanyisha mazoezi uani.

"Nitazame, mayu, mama yangu."

"Bibi, siwezi."

"Leo mimi mwanafunzi wako. Nitazame, la sivyo ugali huli."

Anacheka, macho yanashuka tena. Nagonga meza kwa mwiko.

Siku yenyewe nilisimama nyuma ya kompyuta, nisionekane, nikichungulia kioo chake kwa juu. Wazee watatu wakatokea. Mkubwa wao, sauti nzito kama ya baba mkwe, akakohoa tu, na mtoto wa watu: "Shikamoo!" Goti chini. Akapotea kwenye kioo.

"Haloo? Mtandao umekata?"

Nikampungia mwiko: simama, wewe!

Akasimama, jasho puani, akaanza somo lake la wadudu wa pamba, akinitazama mimi juu ya kompyuta. Akaenda vizuri, mpaka yule mkubwa akamkatiza.

"Wadudu wanabaki kwa sababu ya uvivu wa wakulima, hawang'oi miti ya pamba wakishavuna. Wanafunzi uwaambie hivyo."

Macho ya mjukuu wangu yakaanza kushuka. Nikajua basi, kazi imekwenda tena. Nikainua mwiko nigonge, mkono ukagoma.

Macho yakapanda yenyewe. Hayakuja kwangu, yakaenda kwenye kioo.

"Hapana, mzee. Wanaiacha ng'ombe wale majani kwanza. Nikisema uvivu, nitawadanganya wanafunzi."

Aliyetazama sakafu sasa ni mimi. Mzee kupingwa usoni, tena ndani ya nyumba yangu!

Yule mzee akavua miwani, akaifuta polepole, akaivaa.

"Endelea, mwalimu."

Majibu bado hawajatoa. Majirani nimeshawaambia.