Gari ya Kaka Imenyamaza

Mama yangu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule pale chumba cha mbele, cherehani ipo dirishani, mguu wa kulia peku juu ya pedeli, maana anasema mguu ukivaa kiatu haujui mwendo. Masikio yake sijui aliyatoa wapi. Sindano ikitaka kuvunjika anaisikia kabla haijavunjika. Ukifungua kopo la sukari jikoni taratibu kama mwizi, anakuita jina lako hukohuko aliko, uzi mdomoni.

Masikio hayo yalimjua kaka yangu. Kaka ndiye wa kwanza, mimi kitindamimba. Alikuwa anaendesha teksi, gari kuukuu, na injini yake ilikuwa inagonga. Ko-ko-ko, ko-ko-ko, kama mtu anabisha hodi na hafunguliwi. Abiria wakilalamika, kaka anawaambia hiyo ni redio, leo stesheni haishiki vizuri. Mama alikuwa anaisikia tangu kule kona ya muuza mkaa. Anaachia pedeli, anatoka, na kaka akifika anakuta geti liko wazi, Mama kasimama, uso unamng'aa. Kaka hakuwahi kupiga honi kwetu.

Kaka akafa. Homa tu, akalazwa, tukamrudisha kwenye sanduku. Mama hakulia makaburini, watu wakamsema. Gari ikabaki kwangu.

Sasa sikia. Jioni ya kwanza narudi na ile gari, kufika tu, geti liko wazi. Mama kasimama, uso unamng'aa. Nikashuka. Uso ukazima kama umekatiwa umeme. "Karibu, mwanangu," akasema, akarudi ndani. Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa hivyohivyo. Ikawa kila jioni narudi nyumbani kumuua kaka upya. Nani ataishi hivyo? Nikimwambia, Mama, unajua ni mimi, ananijibu kwamba anajua, kwani yeye mjinga? Na kesho geti liko wazi.

Kwa hiyo injini iliponoki, ikajifia katikati ya barabara, moshi kila mahali, sikusikitika hata kidogo. Nikaivuta hadi kwa fundi tunayemwita Grisi, ambaye ndiye alikuwa anamtengenezea kaka. Nikamwambia afungue yote, achonge silinda upya, aweke pistoni mpya, beringi mpya, asinibakizie kitu chochote kinachogonga. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia aniulize tena aone. Hakuniuliza.

Siku ya kuiwasha ikakohoa kidogo, halafu kimya. Kimya cha paka juu ya godoro. Grisi akaanza masharti yake. Nisiikimbize. Nisikandamize mafuta kwa ghafla. Nisiende mwendo uleule muda mrefu, niongeze, nipunguze. Vyuma vimetoka kuchongwa, havijuani bado, vikichemka kabla havijazoeana vinatafunana, na kugonga kutarudi palepale. Halafu akanipiga bega na mkono wake wa oili.

"Wewe na hasira zako na hii injini, mmoja wenu atanoki. Mimi naiombea injini."

Jioni ile nikafika nyumbani, geti limefungwa. Nikapiga honi. Cherehani inaenda tu. Nikapiga tena. Mwisho nikashuka nikafungua mwenyewe, na Mama akashtuka kuniona mlangoni. Hakusikia, akasema. Mimi nikaenda kuoga napiga mluzi. Nimeshinda.

Mluzi haukufika mbali. Mama akaanza kusimamisha cherehani katikati ya mshono. Anainua kichwa, anasikiliza, anashona kidogo, anasimama tena. Sare zikachelewa, wazazi wakawa wanakuja kubwata dirishani. Chakula kinapoa mbele yake. Siku moja nimerudi nikamkuta amekaa tu, giza linaingia, hajawasha taa. Nikamuuliza kulikoni.

"Hiyo gari haina sauti," akasema.

"Si ndiyo vizuri, Mama? Imepona."

"Sasa akija nitamjua vipi?"

Nikamjibu vibaya, sikatai. Nikamwambia haji, tulimzika, na yeye alikuwepo. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto wa watu.

"Najua haji. Nimekuuliza akija."

Nikatoka nje nimepasuka. Unataka mlio? Nitakuletea mlio. Si Grisi mwenyewe kanifundisha unavyorudi? Nikawasha gari, na kabla sijaondoka mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama. Akakaa kama abiria, akafunga mlango, hakusema tunakwenda wapi.

Nikaingia barabara kuu. Mwanzo nilienda taratibu, mguu unasitasita. Lori likanipita, dereva akatoa kichwa akauliza kama nimebeba maiti. Damu ikanipanda. Nikakandamiza. Mshale ukapanda, injini ikaanza kulia sauti nyembamba, harufu ya oili ya moto ikaingia ndani. Bado kidogo tu. Nikatupa jicho kwenye kioo.

Mama alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande, anasubiri. Na uso umeshaanza kung'aa.

Nikaogopa. Sikuogopa injini kufa. Niliogopa itagonga kweli, na Mama atafumbua macho aone nani kashika usukani.

Mguu ukatoka wenyewe.

"Mbona umepunguza?" akauliza.

"Bado mpya, Mama. Haijazoea."

Akaniambia basi niende nayo polepole, nisije nikaiumiza.

Siku hizi kila jioni anaacha cherehani anakuja kukaa nyuma. Tunazunguka. Naongeza, napunguza, malori yanatutukana, nayaacha. Tukifika kona ya muuza mkaa ananiambia nizime. Anashusha kioo, anasikiliza barabara yote, na mimi nimejikuta nazuia pumzi. Kuna siku nilisikia kitu, naapa, na nikageuka, nikakuta na yeye amegeuka. Akapandisha kioo.

Grisi ameshamwaga oili ya kwanza, kasema injini imelainika, niikimbize nipendavyo. Mama ananiuliza kila tukitoka kama imeshazoea.

Namwambia bado.