Mwosha Mbwa wa Mowlem na Sufuria ya Ukoko

Kunapambazuka Mowlem, mtaa wa Nairobi. Patrobas Nabiswa anasimama nje ya geti la bluu, ndoo mkononi, mnyororo begani. Hagongi. Anakohoa mara moja tu, na huko ndani mbwa aitwaye Popi anapandwa na wazimu: anazunguka, anabweka, anaangusha beseni la nguo.

"Usidhani nina homa," anasema akicheka. "Hiki kikohozi ndicho kengele yangu."

Patrobas huosha na kutembeza mbwa wa mtaa. Kibarua cha kiwandani kilipokatika, jirani alimwomba amwoshee mbwa wake, na kazi ikazaa kazi. Siku hizi hulipwa shilingi mia tatu kwa mbwa. Watoto humwita Daktari, naye cheo hakikatai.

Kabla ya kumshika mbwa mgeni, lazima amuulize mwenye mbwa: huyu hurukwa na akili akisikia nini? Kuuliza si ujinga. Kuna wa kufuli, kuna wa karatasi ya nyama ikifunguliwa. Kwa kina Popi neno "twende" lilipigwa marufuku, maana lilikuwa linavunja vikombe. Familia ikahamia lugha ya Kikikuyu, ikawa inasema "tũthiĩ".

"Wiki haikuisha," anasema Patrobas. "Popi akawa Mkikuyu kamili."

Lakini muhula huu Karao nusura amshinde. Huyo ni mbwa wa Waithera, fundi cherehani. Binti yake, Shiro, alipoenda shule ya bweni, Karao alijilaza mlangoni pa jikoni akasusa chakula. Mbavu zikatokeza. Mwishowe Waithera akapatana na kaka yake amchukue Jumamosi, ampeleke shambani Kinangop.

"Huko kuna mbwa wenzake, labda angekula," anasema Waithera. "Sikutaka Shiro arudi akute kaburi."

Patrobas alijaribu neno "twende", akajaribu nyama, akatikisa mnyororo, akakohoa hadi koo likamuuma. Karao alifungua jicho moja, akalifunga. Ijumaa jioni akaja kumwosha kwa mara ya mwisho, moyo mzito, na Waithera akamzuia ale kwanza.

Walikula ugali na sukuma. Baada ya kula, Waithera akachukua sufuria na jagi la maji. Patrobas akashtuka.

"Mama Shiro, unaroweka ukoko? Kwetu Bungoma hiyo ni kesi ya wazee."

"Sisi hatuna habari nao, Patro. Shiro ndiye alikuwa anaukwangua, sijui alifunzwa na nani. Tangu aende, mimi naroweka tu."

"Basi nipe kijiko."

Akaanza kukwangua. Krr, krr. Masikio mawili yakasimama mlangoni. Kijiko hakijafika upande wa pili, Karao alishamrukia kifuani, akaangusha stuli, akawa anazunguka jikoni huku analia kama mtoto. Kumbe kila jioni, mama akiwa bado kwenye cherehani, Shiro alikuwa akigawana naye ukoko nusu kwa nusu. Maskini mbwa alikuwa akiingoja sauti ile, na kila jioni mama alikuwa akiizamisha majini.

Karao alikula ukoko, akala ugali uliobaki, akalamba na mwiko. Waithera alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Akampigia kaka yake simu hapo hapo. "Usije," akamwambia. "Mbwa ana mambo yake hapa."

Siku hizi Waithera hukwangua mwenyewe. Anakiri kwamba ukoko ni mtamu, ila hataki Patrobas asikie.

Patrobas anatafuta kibanda chenye bomba la maji, aweze kuosha mbwa hata mvua ikinyesha. Karao ameahidiwa kuwa mteja wa kwanza. Lakini kuna jambo Patrobas analolingoja zaidi: likizo fupi, wiki ijayo, Shiro atakapoingia jikoni na kushika kijiko.

"Siku hiyo siogeshi mbwa yeyote," anasema. "Nitakuja mapema nishikilie stuli."