Nepi za Wanangu Zilimponza Zuhura

Nimekosa, na sitalipamba kosa langu. Ila asubuhi ile nilipolikamata koti la msimamizi wangu, linachuruzika maji ya mvua, nikalitupa juu ya lundo la pumba mbele ya wapakiaji wote, nilijua hasira niliyokuwa nayo kwake ni nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa yangu mwenyewe.

"Wewe mama, una wazimu?" akaniuliza.

"Ninao! Tena umechelewa kuuona!"

Ngojeni nieleze, maana ukisikia habari ya koti peke yake utaniona kichaa kweli.

Mimi ni mama wa mapacha. Huku kwetu Tabora pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, basi niiteni Mama Kulwa. Sina wasiwasi, akina Mama Kulwa tumejaa kuanzia Mtendeni mpaka Igunga, hamtanipata. Nilimaliza kidato cha nne, nikazaa, baba wa watoto akaenda machimboni akapotelea huko huko. Wanangu nawaacha kwa mama yangu, mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha kukoboa mpunga nje kidogo ya mji.

Pale kiwandani kuna mashine ya kuchambua mchele. Inatema upepo, tu! tu! tu!, kila punje nyeusi na kila kijiwe kinarushwa pembeni. Upepo wenyewe unatoka kwenye kompresa, kama ile ya mafundi wa matairi, ila hii ni jitu. Sasa upepo wa kompresa huja na maji ndani yake. Yakifika kwenye mashine ya kuchambua yanakutana na vumbi la pumba, na pumba ikikutana na maji ni nini? Uji! Vitundu vyote vinaziba.

Ndiyo maana katikati wameweka mashine ya kuukausha huo upepo. Sisi tunaiita draya. Haina habari na nywele za mtu. Inaupoza upepo mpaka maji yanadondoka na kutoka kwa mpira chini, halafu joto lake lenyewe inalitoa nje kwa feni, kwenye matundu ya ubavuni.

Joto hilo! Laiti nisingelijua.

Wenye watoto wananielewa. Masika nepi inashinda kambani na jioni unaitoa mbichi, inanuka. Pampasi za watoto wawili siziwezi. Siku moja nikaona wenzangu wameanika kanga na soksi kwenye yale matundu ya draya. Msimamizi wetu, tuliyembandika jina la Chapchap kwa sababu hana neno lingine mdomoni, naye alikuwa anaanika koti lake hapo hapo. "Hili ndilo jua la kiwandani," alikuwa anasema, na sisi tunacheka.

Nikaanza kubeba nepi mbichi kwenye ndoo kutoka nyumbani. Jioni narudi nazo zimekauka, zina joto, utadhani zimepigwa pasi. Niliona nimeula!

Mtu mmoja tu alikuwa anatugombeza, Zuhura. Kazi yake ilikuwa hiyo mashine. Kila asubuhi afungulie maji ya tangi la upepo, apige brashi mapezi ya draya, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, ahakikishe mpira unadondosha maji. Zuhura alikuwa rafiki yangu. Siku za kliniki yeye alibeba Doto, mimi nikabeba Kulwa.

"Mama Kulwa, toa nepi zako hapo," alikuwa ananiambia. "Mashine inapumulia hapo."

"Kwani ina pua?"

"Cheka tu. Wewe ukizibwa pua na nepi ya Doto utacheka?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikazitoa. Akigeuka tu, nikazirudisha. Ndiyo, nilizirudisha! Tena nikawa nasema pembeni kwamba Zuhura ana gubu kwa vile hajazaa. Mungu anisamehe kwa hilo neno.

Halafu Zuhura akafiwa na mjomba wake huko Ntalikwa. Akaomba ruhusa, akapewa, akaenda msibani. Draya ikabaki haina mwenyewe, na mvua zilikuwa zimekolea. Nikaanika nepi mpaka matundu yote yakafunikwa.

Mchana nikaona taa nyekundu imewaka kwenye draya. Nilikimbia kuzitoa nepi, zilikuwa zinaunguza mkono. Chapchap akaja mbio. Aliitazama taa, akanitazama mimi na ndoo yangu.

"Tuizime, kaka? Tumwite fundi?"

"Uzime nini? Kuna lori linasubiri mchele leo! Rudi kazini, chapchap!"

Akageuza koki, upepo ukawa unapita pembeni bila kuingia kwenye draya. Ile taa nyekundu akaibandika kipande cha plasta.

"Hili ni lako na langu," akasema. "Umenielewa?"

"Nimekuelewa, kaka."

Mchele ule ulitoka na vijiwe, punje nyeusi na mabonge. Mnunuzi akalirudisha lori zima. Tajiri akaja mwenyewe, amevimba, akatukusanya uani. Zuhura ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka msibani, kichwa bado kimefungwa kitambaa cha msiba. Na plasta? Haikuwepo tena. Koki nayo ilikuwa imerudishwa mahali pake.

"Draya imekufa kwa kukosa brashi," Chapchap akasema, macho makavu!

"Mimi niliiacha nzima, tajiri," Zuhura akajibu.

"Uliiacha kwa nani?"

Msimamizi ndiye aliyempa ruhusa na kumwambia, "Nenda, mimi nitaiangalia." Zuhura akamtazama Chapchap. Chapchap akatazama juu. Kisha Zuhura akanitazama mimi, maana ndoo ya nepi alikuwa anaijua.

Nikatazama miguu yangu.

"Mzembe!" tajiri akafoka. "Kusanya vitu vyako!"

Nilijiambia nina watoto wawili. Kwani Zuhura hakuwa na mama anayemtegemea? Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikafika, nikanyamaza. Fundi alipokuja kutengeneza akasema waziwazi kwamba joto lilikosa pa kutokea, ndiyo maana mashine ikafa. Nilikuwa nimeshika fagio hatua chache tu kutoka pale. Nikafagia.

Na sijamaliza aibu yangu. Chapchap aliniita akaniambia, "Wewe unajua kutunza mdomo. Kazi ya Zuhura chukua wewe." Nikachukua! Nikasema asante! Nikawa natumia brashi yake, ile aliyofunga mpini wake kwa kitambaa cha kanga.

Sasa rudini kwenye lile koti. Nilifika asubuhi na brashi yangu, nikalikuta limetanda kwenye matundu ya draya iliyotoka kutengenezwa juzi juzi.

"Kaka, litoe koti. Utaiua tena."

Akacheka. "Ikifa si tunaye wa kumlaumu? Mwenye brashi!"

Wapakiaji wakacheka naye. Nami nikaisikia sauti yangu ya zamani ndani ya kile kicheko, ile ya kuuliza kama mashine ina pua. Ndipo nikalirusha koti kwenye pumba.

Sikurudi ndani. Nilipanda bodaboda mpaka Ntalikwa, kwa akina Zuhura. Nilimkuta mama yake anapukuchua mahindi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Zuhura alikuwa anang'oa karanga. Mikono ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

"Wanangu hawajambo?" akauliza. Wanangu! Bado anawaita wanawe!

Nikaanza kulia, pole Zuhura, nisamehe Zuhura. Akanikata.

"Siku ile uani ulisimama karibu nami, kiwiko chako kilikuwa kinanigusa. Nilikisikia kinatetemeka. Nikasema atasema, Mama Kulwa atasema." Akakung'uta karanga. "Nimeomba kazi viwanda vingine. Kote wameshasikia kwamba mimi ni mzembe. Sasa pole yako ya huku shambani nani ataisikia? Nenda kaseme pale pale waliposikia."

Wenzangu, mkiwa kazini na mwenzenu akasema msianike hapo, msikilizeni. Na ukishaharibu, sema siku hiyo hiyo, maana ukichelewa utakuta mtu mwingine ameshabeba mzigo wako na amekwenda nao mbali. Na wewe msimamizi unayebandika taa plasta, kaa ukijua kuna mtu anakuona.

Jana nilimpelekea tajiri malalamiko kwa mkono wangu. Nakala nimepeleka ofisi ya kazi. Dada aliyeipokea aliisoma akaniuliza, "Mbona unajilalamikia na wewe mwenyewe?" Nikamwambia agonge mhuri hivyo hivyo. Niliandika hivi:

"Mimi ninayeandika ndiye niliyeziba matundu ya draya kwa nepi za wanangu, baada ya kukatazwa na Zuhura. Msimamizi aliiona taa nyekundu, akaibandika plasta, akaupitisha upepo pembeni ili kazi isisimame. Zuhura alikuwa msibani kwa ruhusa yake huyo huyo msimamizi. Namlalamikia yeye kwa kusema uongo, na mimi kwa kunyamaza. Kama ni kufukuzwa, nipo tayari. Ninachoomba ni kwamba Zuhura aitwe pale pale uani alipoitwa mzembe, wafanyakazi wote wawepo, na barua hii niisome mimi mwenyewe, kwa sauti, yeye akiwa amesimama karibu yangu."